Vuvuzela Afrika Kusini 2010: uchambuzi wa kisa cha kelele zilizoruhusiwa

Kisa hiki kinahusu uamuzi mmoja: kuacha chombo cha kelele cha mashabiki wenyeji kiingie uwanjani kwenye Kombe la Dunia, wakati wachezaji, vituo vya televisheni na watazamaji wa mbali wakiomba kipigwe marufuku. Nimekiandika kwa ajili ya watu wanaoandaa mashindano. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, na maswali waliyoulizwa Waafrika Kusini yatawafikia na maofisa wetu. Majina ya mashabiki, mafundi sauti na watumishi wa kawaida nimeyaacha nje. Wanaotajwa ni wale waliosema hadharani.

## Usuli

Vuvuzela ni tarumbeta ya plastiki yenye urefu wa sentimita 65 hivi. Haina kitufe wala tundu la kubadilishia sauti. Unabana midomo, unaitetemesha kwa pumzi, na chombo kinatoa noti moja tu. Asiyeizoea hupuliza kwa nguvu zote mpaka pumzi imkatike, ndipo avute nyingine. Aliyeizoea huikata pumzi kwa ulimi, akapata mapigo mafupi yanayoweza kufuata ngoma au kumjibu aliye jukwaa la pili. Shika tofauti hiyo, kwa sababu nusu ya kisa imo ndani yake.

Asili yake inagombaniwa. Shabiki mmoja wa klabu ya Kaizer Chiefs anasema ni yeye aliyeibuni, akianzia na honi ya baiskeli na tarumbeta ya bati. Waumini wa kanisa la Shembe wanasema ni chombo chao cha ibada ambacho wapenzi wa mpira walikichukua. Wengine wanarudi nyuma zaidi, kwenye pembe ya tandala iliyopulizwa kuwaita watu. Lisilogombaniwa ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianza kutengenezwa kwa plastiki kwa wingi, bei ikashuka, na viwanja vya ligi ya Afrika Kusini vikajaa.

Kwenye mechi hizo vuvuzela haikuwa peke yake. Kulikuwa na makarapa, zile kofia ngumu za wachimba migodi zilizokatwa na kupakwa rangi za klabu. Kulikuwa na nyimbo zenye mwimbishaji na waitikiaji, na kucheza kwa kundi zima. Kusini mwa Afrika pana pia namna ya zamani ya kupiga ala za noti moja. Katika Tshikona ya Wavenda kila mtu ana filimbi yenye sauti yake moja, na muziki unapatikana pale kila mmoja anapoingia kwa zamu yake. Walikuwapo wanamuziki wa Cape Town walioipiga vuvuzela kwa mtindo huo huo kabla ya 2010, wakaunda okestra kamili. Kwa hiyo wanaosema chombo hiki hakina uwezo wa muziki wanakosea. Uwezo upo, lakini unahitaji watu waliozoea kusikilizana.

Na haikupendwa na kila mtu nyumbani kwao. Wapo Waafrika Kusini walioilalamikia mapema kwamba inazima nyimbo. Nalitaja hili kwa sababu baadaye mjadala ulisimuliwa kana kwamba Afrika nzima ilikuwa upande mmoja na Ulaya nzima upande wa pili.

## Yaliyotokea kwa mfululizo

FIFA iliipa Afrika Kusini uenyeji mwaka 2004. Suala la vuvuzela lilipofika mezani, wasiwasi wa FIFA ulikuwa wa aina mbili: kwamba wahuni wangeweza kuigeuza silaha, na kwamba kampuni zisizo wadhamini zingechapisha matangazo yao juu yake. Mwaka 2008 shirikisho la soka la Afrika Kusini, SAFA, likajenga hoja kwamba mechi ya nchini kwao bila vuvuzela si mechi ya nchini kwao. FIFA ikaridhia.

Juni 2009 likachezwa nchini humo Kombe la Mabara, mashindano madogo ya FIFA yanayotangulia Kombe la Dunia, ambalo lilikuwa jaribio la viwanja, usafiri na usalama. Likawa jaribio la sauti pia, ingawa sidhani kama kuna aliyelipanga hivyo. Xabi Alonso, kiungo wa Hispania, alisema wazi kwamba vuvuzela zipigwe marufuku. Vituo vya televisheni vya Ulaya navyo vikalalamika kwamba mvumo unawafunika watangazaji wao. Rais wa FIFA wa wakati huo, Sepp Blatter, akajibu kwamba Kombe la Dunia la Afrika lisifanywe la Ulaya, na kwamba kelele, ngoma na shangwe ndio mpira wenyewe wa Afrika Kusini.

Tarehe 11 Juni 2010 wenyeji walifungua dimba dhidi ya Mexico kwenye Soccer City, Johannesburg. Siphiwe Tshabalala alifunga dakika ya 55, Rafael Márquez akasawazisha dakika ya 79. Usiku huohuo Ufaransa na Uruguay walitoka sare ya 0-0 mjini Cape Town, na nahodha wa Ufaransa, Patrice Evra, akalalamika kwamba wachezaji hawasikizani uwanjani na kwamba hotelini wanaamshwa alfajiri na milio hiyo. Lionel Messi naye akasema kuwasiliana hakuwezekani, ni kama umekuwa kiziwi.

Siku mbili tu baada ya ufunguzi, mkuu wa kamati ya maandalizi, Danny Jordaan, aliulizwa na BBC kama marufuku inawezekana. Akajibu kwamba inawezekana ikipatikana sababu ya msingi, kwa mfano vuvuzela zikitupwa uwanjani kwa hasira. Akaeleza pia kwamba walikuwa wamewaomba mashabiki wasipulize wakati wa nyimbo za taifa na matangazo ya uwanja, na kwamba kulisimamia ombi hilo ni kazi ngumu. Kesho yake, tarehe 14, Blatter akafunga mlango: Afrika ina mdundo wake, na yeye haoni namna ya kuwakataza mashabiki mila zao nchini mwao.

Wakati huo BBC ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 500 na ilifikiria kuwapa watazamaji matangazo yaliyopunguzwa mlio huo. HBS, kampuni iliyozalisha picha na sauti kwa dunia nzima, iliongeza vichujio vya sauti. Mashindano yakaendelea.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuruhusu, mwaka 2008, ulikuwa wa heshima kwa mwenyeji, na hoja ya SAFA ilikuwa na uzito. Mashindano yanapopelekwa nchi fulani na mashabiki wa nchi hiyo wakaambiwa waache nyumbani kila wanachokuja nacho Jumamosi zote za mwaka, nchi hiyo imekodisha viwanja tu. Lakini ziangalie tena zile sababu mbili zilizoisumbua FIFA: silaha na matangazo ya biashara. Katika sababu zilizotolewa hadharani, sauti haimo. Chombo ambacho kazi yake yote ni sauti kilipimwa kwa vigezo vya mkaguzi wa getini.

Uamuzi wa 2009, wa kushikilia ruhusa baada ya malalamiko ya Kombe la Mabara, ndio ninaouona wa maana kuliko wote, kwa sababu hapo ushahidi ulikuwapo. Kulikuwa na takriban mwaka mzima. Majibu ya Blatter yalikuwa sahihi kwa jambo moja, kwamba kuifuta desturi kwa kuwa mgeni hajaizoea ni ubabe. Ila jibu hilo liligeuza swali la ufundi kuwa swali la utu. Baada ya hapo, mtu aliyeuliza tangazo la dharura litasikika vipi alionekana anaikataa Afrika, na aliyeitetea Afrika hakuona haja ya kujibu habari ya matangazo ya dharura. Pande mbili ziliacha kuzungumzia jambo moja.

Uamuzi wa kuwaomba watu wanyamaze wakati wa nyimbo za taifa ulikuwa mzuri na ulichelewa. Ombi linalotolewa kwa kipaza sauti kwa watu ambao tayari wanapuliza halimfikii anayepuliza.

Uamuzi wa kuchuja sauti kwenye televisheni nitaurudia, maana una somo lake.

## Matokeo

Vuvuzela haikupigwa marufuku. Mechi 64 zilichezwa kwenye viwanja 10, na jumla ya watazamaji ilizidi milioni 3.1. Wenyeji waliifunga Ufaransa 2-1 lakini wakatolewa hatua ya makundi, mwenyeji wa kwanza wa Kombe la Dunia kutoka mapema hivyo. Hata hivyo majukwaa hayakulala. Tarehe 2 Julai, Soccer City ikiwa na watu zaidi ya 84,000, sehemu kubwa ya uwanja iliichukua Ghana kama timu yake dhidi ya Uruguay. Luis Suárez wa Uruguay akauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli, Asamoah Gyan wa Ghana akaigongesha mwamba penalti iliyotolewa mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, na Ghana wakatoka kwa matuta. Bingwa akawa Hispania, na Xabi Alonso aliyeomba marufuku mwaka uliotangulia alicheza fainali chini ya milio ileile.

Nje ya Afrika Kusini mambo yalikuwa tofauti. Wimbledon ilikataza vuvuzela kiangazi hichohicho. Septemba 2010 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikazipiga marufuku kwenye mashindano yake yote, ikieleza kwamba mvumo wa mfululizo unazima nyimbo za mashabiki na kuharibu mawasiliano ya hisia kati ya jukwaa na uwanja. Kombe la Dunia la Brazil 2014 nalo halikuziruhusu. Uamuzi wa kuilinda desturi ulidumu mashindano mamoja.

## Uchambuzi: kilichofaulu

Kilichofaulu kwanza ni kwamba Kombe la Dunia la 2010 lilikuwa na sura ya mahali lilipochezwa. Mpaka leo ukisikia sekunde tatu za sauti ya mechi yoyote ya mwezi ule, unajua ni wapi na ni mwaka gani. Sijui mashindano mengine mengi yenye sifa hiyo.

Cha pili ni kwamba desturi ilitoka chini. Linganisha na Brazil. Mwanamuziki Carlinhos Brown alibuni kayamba ya plastiki iliyoitwa caxirola, ikapigiwa debe iwe sauti rasmi ya 2014. Aprili 2013, kwenye mechi ya mahasimu wa Salvador, Bahia na Vitória, mashabiki waliokasirika walizitupa uwanjani kwa wingi. Haikuruhusiwa kwenye Kombe la Mabara la mwaka huo wala kwenye Kombe la Dunia. Hofu aliyoitaja Jordaan, ya vyombo kutupwa kwa hasira, ilitimia kwa chombo kilicholetwa kutoka juu. Shabiki hatupi kwa urahisi kitu alichokichagua mwenyewe, alichokinunua kwa pesa yake, na alichokwenda nacho mechi zote za msimu. Cha kugawiwa getini hana uchungu nacho.

## Uchambuzi: kilichokwama

Kosa kubwa ni kwamba chombo kilipokelewa bila kanuni za watu wake. Kwenye Kombe la Dunia majukwaa yalikuwa na wageni kutoka kila bara, watalii, wageni wa wadhamini, na hata wenyeji wengi wasiokuwa wateja wa kawaida wa ligi. Wote walinunua vuvuzela njiani. Hakuna aliyekuwa na mwimbishaji, hakuna aliyejua nani anaanza na nani anaitikia. Wengi walifanya kile asiyezoea hufanya: kupuliza mpaka pumzi iishe. Weka maelfu ya watu wa namna hiyo pamoja, wote kwenye noti moja, kila mmoja na pumzi yake, na mapengo yote yanazibwa. Unapata mvumo usio na mwanzo wala mwisho.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ina maana kwa kuwa kabla yake kulikuwa kimya. Ikilia dakika tisini, kona na mpira wa kurusha vinapata sauti sawa, faulo na shuti la kugonga mwamba vinapata sauti sawa. Hapa ndipo ninapokubaliana na hoja ya UEFA, ingawa siikubali dawa yao. Umati wa mpira ni chombo cha habari. Mtu aliyegeuza shingo kununua maji anajua, kwa sauti tu, kwamba winga ameshapita. Mchezaji anajua kwamba nyuma yake kuna mtu. Mvumo wa 2010 uliichukua habari hiyo kutoka kwa wote wawili. Beki wa kati aliyezoea kumwita mwenzake kwa neno moja alilazimika kutumia mikono, na mikono inahitaji mwenzako awe anakutazama.

Ndiyo maana mechi ya Ghana inasimama peke yake akilini mwangu. Uwanja ulikuwa na upande, na watu waliokuwa wakipuliza kwa kujifurahisha sasa walikuwa na sababu ya kupuliza. Kinyume chake, raundi ya kwanza ya makundi ilikuwa na mabao machache, na naamini sehemu ya chuki dhidi ya vuvuzela ilitoka hapo: mechi ilikuwa baridi, na mlio ulikuwa ukishangilia kitu ambacho hakipo.

Jambo la pili ni televisheni. Aliyekuwa jukwaani na aliyekuwa sebuleni hawakusikia kitu kimoja. Uwanjani masikio mawili yanatenganisha: kundi hili liko kushoto, lile liko ng'ambo, huyu mtu mmoja yuko nyuma yangu na ananikera. Kuna nyimbo unazisikia kwa kuwa ziko karibu. Maikrofoni za pembeni mwa uwanja zinakusanya yote hayo, yanachanganywa, yanabanwa, na yanatoka kwenye spika ndogo yakiwa ukuta mmoja. Waliolalamika zaidi walikuwa wanalalamikia ukuta huo.

Mafundi walikuwa na bahati moja: kwa kuwa vuvuzela zote zina noti moja, nguvu yake imejikusanya kwenye masafa yanayojulikana, karibu na hezi 233 na maradufu yake, 466, 932 na kuendelea. Ukiyakata masafa hayo, mvumo unapungua. Lakini humohumo ndimo ilimo sauti ya mtangazaji na ya umati unaoimba. Ukikata kidogo, mlio unabaki. Ukikata sana, kila kitu kinasikika kama kimetoka chini ya maji, na umati unageuka kuwa upepo. Kichujio hakiwezi kurudisha wimbo ambao haukuimbwa. Kazi yenye faida ingefanyika kabla ya mashindano: maikrofoni ya mtangazaji itengwe kabisa na sauti ya uwanja, maikrofoni za umati zielekezwe kwenye makundi yanayoimba, na mchanganyiko ujaribiwe wakati wa Kombe la Mabara, mwaka mzima kabla. Tatizo lilikuwa limeshajitangaza.

La tatu, na hili linanisumbua zaidi kwa kuwa halikuhitaji mabishano yoyote, ni masikio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria walikuwa wameshapima kelele wanayoipokea mashabiki kwenye mechi ya ligi, na wastani ulizidi desibeli 100, tena kabla Kombe la Dunia halijaanza. Kwa kanuni nyingi za usalama kazini, desibeli 85 ndicho kiwango cha juu kwa kazi ya muda wa saa nane. Kila zinapoongezeka tatu, muda salama unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 unabaki na robo saa. Mechi ni saa moja na nusu, ukiacha mapumziko, na watu hufika mapema. Aliye hatarini kuliko wote ni anayekaa safu moja mbele ya mpulizaji, mdomo wa tarumbeta ukiwa nyuma ya sikio lake. Watoto wamo, wauza vinywaji wamo, walinzi wanaosimama pale mechi baada ya mechi wamo. Vizibo vya masikio viliuzwa na wafanyabiashara waliouona mwanya. Vilipaswa kuwa sehemu ya maandalizi, na kwa mlinzi wa jukwaani vilipaswa kuwa sehemu ya sare.

## Kwa kamati inayopanga sasa

Sioni haja ya marufuku ya jumla. Marufuku ya UEFA inazilinda nyimbo, na hilo ni jema, lakini inahesabu chombo kuwa ndiyo kosa. Ningeanza na viongozi wa mashabiki, wale wanaoongoza nyimbo kwenye ligi, miezi mingi kabla. Hao wana mamlaka jukwaani ambayo kipaza sauti hakina. Wakubaliane na waandaaji juu ya vipindi vya kunyamaza: wimbo wa taifa, dakika ya maombolezo, tangazo la usalama. Wapewe tiketi za kukaa pamoja, makundi yakiwa mahali panapojulikana kila upande, ili wageni waliowazunguka wawe na wa kumfuata. Mgeni akinunua tarumbeta akakaa karibu na kundi linalojua, ndani ya dakika ishirini anaingia kwenye mdundo. Akikaa kati ya wageni wenzake atapuliza tu.

Vipaza sauti vya uwanja vijaribiwe kwenye mechi ya ligi iliyojaa, watu wakipuliza. Kuvijaribu uwanja ukiwa mtupu hakuonyeshi kitu. Tangazo la dharura liwe pia na maandishi kwenye skrini kubwa na taa, na kila mlinzi ajue ishara ya mkono, kwa sababu siku ya hatari hakuna atakayepata nafasi ya kuwaomba watu 60,000 wanyamaze kwanza.